Sauti ya Marehemu Bihole na Macho ya Shangazi

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, ukungu ule wa kwetu unaopanda kutoka mabondeni na kukaa juu ya migomba kama mgeni asiyejua kuaga, nilipomsikia marehemu Bihole akitangaza.

Usikimbie kwanza, kaa. Mimi mwenyewe sikukimbia, ingawa sababu haikuwa ushujaa. Nilikuwa bado kitandani, na suruali sikujua iko wapi.

Nilikuwa kijana wa chuo kikuu wakati huo, niko likizoni kijijini kwetu, juu kidogo ya Rungwe Mpya. Nilikuwa na ndevu chache nilizozitunza kama miche ya kahawa, na begi la vitabu nilivyovibeba kutoka Dar es Salaam mpaka Kasulu na ambavyo, sasa naweza kusema, vilirudi Dar es Salaam bila kufunguliwa. Nilikaa kwa shangazi yangu Anastazia, dada mkubwa wa baba yangu Gervasi. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye maneno machache na yote makali.

Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa. La kushoto lilibakiza mwanga kidogo, kama mlango ulioegeshwa. Watu aliwatambua kwa hatua zao, maharage aliyachambua kwa vidole, na chungu kikichemka alijua kwa kusikiliza. Madaktari wa macho walikuwa wamepita mwaka uliotangulia, lakini hakwenda, aliogopa kisu. Tangu hapo mganga wa zahanati alikuwa amemwambia waziwazi: "Mama, jicho hili la kushoto likichelewa nalo litaharibika kama mwenzake. Wakija tena, nenda." Basi tulikuwa tukingoja waje tena. Jinsi ya kujua wamekuja, hapo ndipo penye kisa changu.

Kwetu habari za serikali zilikuwa na mdomo mmoja, mdomo wa Mzee Bihole. Chanjo ya watoto, mkutano wa hadhara, mbegu za ruzuku, kuandikisha wapiga kura, chochote kilichotoka maofisini Kasulu kilipita kwake. Alikaa mbele kwenye pikapu yenye spika mbili juu, akasema Kiswahili kilichonyunyiziwa Kiha, na alikuwa na mtindo wake mwenyewe. Wengine hutangazia umma. Yeye alitangazia watu. "Mama Yozefu, acha kujifanya husikii, chanjo ni kesho!" Ukitajwa na Bihole kwenye spika, hata uwe shambani mbali namna gani, ulitupa jembe ukaenda. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mbiu ya Bihole ilijua hata jina lako.

Masika yale Bihole aliugua homa, akafa. Shangazi alikuwa miongoni mwa waliomzika. Alipapasa ukingo wa kaburi, akadondosha udongo wake kwa mkono wake. Na sasa mvua za vuli zimeanza, ukungu umejaa, na mimi niko kitandani namsikia.

"Ndugu wananchi wa milimani, mwakeye!" Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi, na hakuna aliyeivuta kama yeye. "Madaktari wa macho wamefika. Wiki hii yote wako zahanati ya kijiji. Mwenye mtoto wa jicho asikae nyumbani. Mzee Laurenti, toka kilabuni, uje. Mama Yozefu, uje. Anastazia, dada yake Gervasi, nakuona umejificha. Uje na wewe."

Kisha kimya. Hata majogoo walinyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia.

Sasa elewa jambo moja la nyumbani kwetu. Sisi tulilelewa tukiambiwa hivi: ukisikia jina lako likiitwa kutoka ukunguni, usiitike mpaka umwone anayekuita. Ukiitika, umekubali kwenda naye. Na lipo jambo la pili, ambalo ndilo lililofunga milango ya kijiji asubuhi ile. Mzee Laurenti, yule wa kwanza kutajwa, naye alikuwa amekwisha kufa. Alimfuata Bihole kabla udongo wa kaburi haujakauka. Watu wakafanya hesabu yao: Bihole anawaita kwa zamu, na wa kwanza ameshaitika.

Mama Yozefu alijifungia ndani, akaweka kinu nyuma ya mlango. Kwetu sisi wakaanza kuja wageni. Waliingia taratibu, wanawake wakaketi chini kwenye mikeka, wanaume kwenye benchi, kwa namna ile ambayo watu huketi msibani. Mtu akaleta ndizi, mwingine akaleta kuni. Bosko, fundi baiskeli, jirani yetu mwenye mzaha kila siku, siku hiyo alivua kofia mlangoni.

"Pole, mama," akasema.

"Pole ya nini?" akauliza shangazi. "Nimefiwa na nani?"

"Bado," akasema Bosko, kisha akajiziba mdomo.

Ungekuwepo, mwanangu, ungeona jinsi chumba kilivyokuwa. Watu wanamtazama mtu mzima aliye hai, anayekunywa uji wake, kana kwamba wanajitahidi kuikariri sura yake. Mwanamke mmoja akamshika mkono akamwambia, kwa sauti ya chini, amsalimie mama yake huko aendako. Shangazi akajibu kwamba haendi popote ila kuchambua maharage.

Hapo msomi nikaona wakati wangu umefika. Nikasimama, nikakohoa, nikawapa mhadhara. Nikasema ile ni kanda. Kanda ya zamani, ya mwaka jana, maana mwaka jana Laurenti alikuwa hai na madaktari walikuja zahanati. Mtu fulani ofisini ameiokota na kuipiga bila kufikiri. Kwa hiyo, nikahitimisha nikizipapasa ndevu, hakuna mzimu, hakuna madaktari, na hakuna haja ya mtu yeyote kwenda popote. Nilitamka na neno la Kiingereza, silikumbuki; nadhani hata siku ile sikulijua vizuri.

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Wewe mtoto wa Gervasi," akasema, "wenzako hawa wanasema nisiende kwa sababu aliyesema amekufa. Wewe unasema nisiende kwa sababu aliyesema amekufa. Tofauti yenu nini?"

Nikasema, "Shangazi, mimi natumia akili."

"Umeitumia kukaa. Kati yenu wote, wenye mizimu na wenye vitabu, ni nani aliyekwenda kuuliza?" Akapapasa fimbo yake ukutani. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo, lakini mimi sitaki kufa hata kimoja. Vaa viatu."

Tukatoka. Kwa wale wageni ilikuwa kama jeneza linaondoka. Mmoja alianza wimbo wa kanisani, akanyamazishwa.

Nje ukungu ulikuwa mzito hata nikaona fimbo ya shangazi lakini nisiione ncha yake. Kwa mara ya kwanza yeye na mimi tulikuwa sawa, isipokuwa yeye alikuwa na uzoefu. Aliongoza yeye. Nyumba tulizopita zilikuwa kimya, ila mara moja nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani, polepole, kwa heshima.

Kisha sauti ikaanza tena. Na huko nje haikuwa kama nilivyoisikia kitandani. Ilitoka kulia kwetu, ikahamia bondeni chini, ikarudi nyuma ya migongo yetu, kana kwamba marehemu anatuzunguka apate kututazama vizuri. "Mzee Laurenti, toka kilabuni, uje." Ilikuwa sauti ya mtu mchangamfu, aliyeshiba, na hilo ndilo lililonitia baridi. Sauti ya huzuni ningeweza kuizoea. "Mama Yozefu, uje." Nikamshika shangazi mkono, ningependa kukuambia kwamba nilikuwa namsaidia yeye. "Anastazia, dada yake Gervasi, nakuona umejificha."

Shangazi akasimama katikati ya barabara, akakita fimbo yake ardhini.

"Bihole!" akaita. "Nimekuja. Sijajificha. Sasa niambie, ni zahanati hii yetu, na ni kweli wiki hii?"

Aliitika, mwanangu. Alikuwa ameitika.

Ukungu ukatulia. Ilipita pumzi moja, mbili. Halafu: "Ndugu wananchi wa milimani, mwakeye!" ikaanza upya kama mwanzo, kwa furaha ileile.

Shangazi akageuza uso wake kwangu. "Umesikia? Nimemuuliza, hakujibu. Basi huyo si Bihole. Bihole ulikuwa ukimuuliza swali moja anakujibu matatu."

Hapo taa mbili za njano zikatokeza mbele yetu, karibu mno, na breki zikalia. Ilikuwa pikapu ileile. Dereva alikuwa kijana wa mjini Kasulu anaitwa Shabani, mtoto wa wenye maduka, na hakuwa amewahi kuona, nadhani, mwanamke mrefu mwenye macho meupe amesimama katikati ya ukungu akimwita maiti.

"Bismillahi!" akapiga kelele. "Bismillahi! Mama, wewe ni mtu?"

"Mimi ni mtu. Wewe je?"

"Mimi... mimi ni Shabani."

"Izime hiyo, Shabani."

Akaizima. Na hapa nitasema nilichosikia, wewe uamue. Kanda ilizimwa, mkono wa Shabani niliuona kwenye kitufe, lakini bondeni sauti iliendelea kidogo: uje, uje na wewe. Nikajiambia ni mwangwi, milima yetu ina mwangwi. Lakini mwangwi hurudisha neno lililokwisha kusemwa, na kanda ilikuwa imezimwa kwenye "mwakeye". Shangazi aliinamisha kichwa kidogo upande wa bondeni, akamgeukia dereva.

"Aliyesema haya amekufa, unajua?"

"Najua, mama. Hata mimi napata taabu. Tangu asubuhi nazunguka naye na njia nzima hakuna mtu. Watu wanafunga madirisha. Nimefikiri labda vijiji vimehama."

"Sasa nakuuliza wewe uliye hai. Madaktari wapo?"

"Wapo, mama, nimewaona kwa macho yangu. Wamekuja juzi."

Mimi msomi nikatazama viatu vyangu.

"Wako hapa zahanati yetu?"

Shabani akakuna kichwa. "Kanda inasema hivyo. Mimi nimeambiwa nizunguke tu. Kanda nimeikuta humo garini. Marehemu aliirekodi mwaka jana koo lilipomkauka. Tangazo ni lilelile, wakasema, piga."

"Aliyekuambia ni lilelile uliuliza kama ni lilelile?"

"Mama, mimi ni dereva."

"Basi tuendeshe," akasema shangazi, na kabla hatujamjibu alikuwa ameshaupata mlango kwa kupapasa, ameketi mahali alipokuwa akiketi Bihole.

Tulianzia zahanati. Palikuwa tupu, benchi limelowa ukungu, na muuguzi aliyekuwa zamuni alitushangaa. Huduma ya macho mwaka huu haiko hapa, akasema. Upasuaji unataka umeme usiokatika. Wako hospitali, Kasulu mjini. Na yeye pia alikuwa akijiuliza mbona gari linawaita watu kwake.

Unaona, mwanangu, jinsi kitu kilivyokuwa kimekaa? Wenye hofu wangebaki nyumbani na macho yao yangekufa. Wenye akili kama zangu wangebaki nyumbani na macho yao yangekufa. Na hata mtii, ambaye angeiamini kanda neno kwa neno, angekaa kwenye benchi lile lililolowa mpaka jioni, akarudi nyumbani akilaumu serikali. Habari ilikuwa ya kweli nusu, na nusu yake ilikuwa imezikwa. Lisemwalo lipo, lakini mahali lilipo si lazima pawe pale liliposemwa.

Tukateremka Kasulu. Pale hospitali muuguzi mwanamke alitupokea mlangoni karibu kwa kukimbia. "Mnatoka milimani? Tumekaa tunasema wazee wa huko wamekwenda wapi! Kesho mchana wataalamu wanaondoka."

Shangazi akauliza, "Mama Yozefu akija kesho asubuhi, atapata?"

"Akija mapema."

"Basi mimi nipangeni foleni. Wewe mtoto wa Gervasi, rudi na Shabani ukawaite. Na usitumie kanda. Tumia mdomo, nimesikia unao."

Nikarudi. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo lakini haukuwa umeondoka. Shabani akanipa kipaza sauti, na mimi, niliyekuwa nimezoea kuzungumza mbele ya darasa zima la watu wanaosinzia, nikasikia sauti yangu ikitetemeka juu ya migomba. Nikasema madaktari wako Kasulu, gari hili litabeba wagonjwa, na kwamba Anastazia tayari yuko huko.

Nikasikia kilio. Kwanza nyumba moja, kisha nyingine. Kwao nilikuwa nimetangaza msiba: Anastazia ameitika, na sasa amemchukua na mtoto wa kaka yake, ndiye huyo anaita.

Tukasimamisha gari mbele ya nyumba ya Mama Yozefu. Nikaita kwa spika. Hakuna jibu. Nikaita tena. Hatimaye sauti nyembamba ikatoka nyuma ya kile kinu.

"Wewe unayeita. Kama u hai, nijibu swali."

"Uliza, mama."

"Ulipokuwa mdogo mbwa wangu alikuuma. Alikuuma wapi?"

Nikamtazama Shabani. Shabani akanitazama.

"Mama," nikasema, "si ungeuliza lingine?"

"Wafu hawajui. Jibu."

"Kwenye kalio, mama. La kushoto."

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, karibu na mdomo, na kimewashwa. Kalio langu la kushoto likaenda Rungwe Mpya na kurudi. Kisha, mahali fulani ndani ya ukungu, Bosko akacheka. Akacheka mwingine. Makomeo yakaanza kufunguliwa, moja hapa, moja kule, na kinu kikasogezwa, na Mama Yozefu akatoka amejifunga kitenge chake cha kanisani, mkono mbele, akiuliza gari liko upande gani.

Alfajiri ya siku iliyofuata tuliteremka Kasulu na wazee waliojaa pikapu ile, na wote walipokewa.

Shangazi alipasuliwa, akafunguliwa bendeji nikiwa mbele yake. Jicho la kulia halikurudi. La kushoto lilifumba, likafumbua, likatokwa na machozi, likanitazama. "Kumbe umekonda hivi," akasema. "Na hizo ni nini kidevuni, umesahau kunawa?" Tulipofika nyumbani aliomba ungo wa maharage, akainama juu yake kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Yesu wangu. Mwaka mzima nimewalisha watu wadudu." Nilikuwa nawaona kwenye sahani. Nilidhani ni nyama.

Mwanangu, leo huna Bihole. Una simu. Tangazo linakufikia mkononi asubuhi kabla hujanawa uso: nafasi za mafunzo, vitambulisho, chanjo, bima, ufadhili wa masomo. Limepita mikono mingi hata mwenyewe hajulikani. Mengine yaliandikwa na mtu ambaye huenda sasa amestaafu, amehamishwa, au amekufa kama Bihole, na maneno yake bado yanazunguka vijijini yakiita watu kwa majina. Wapo wanaoogopa wakafunga mlango. Wapo wanaocheka wakasema ni uongo, wakarudi kulala. Wapo wanaobeba bahasha zao wakaenda kukaa kwenye benchi tupu. Wote watatu nimewahi kuwa mimi.

Nasaha yangu ni hii, na si yangu, ni ya shangazi. Habari ya huduma usiiamini wala usiikatae kabla hujaifikisha kwa mdomo unaoweza kukujibu. Uliza: nani amesema, amesema lini, na bado iko vilevile? Kama kinachokuambia hakiwezi kuulizwa, kiwe ni karatasi ukutani, spika au simu, bado hujapata habari. Umepata tu sababu ya kuinuka. Nenda ofisi ya kijiji, nenda kata, nenda zahanati, na wakikuambia si hapa, usikasirike ukarudi. Uliza ni wapi, uende na huko. Kuuliza si ujinga, na haki yako haitakufuata nyumbani kwa sababu tu unaistahili. Na ukishajua, usiingie ndani peke yako. Yuko mtu nyuma ya mlango aliouwekea kinu, anangoja asikie sauti anayoijua.

Mungu akupe miguu isiyochoka kufuatilia na ulimi usioona haya kuuliza. Akukutanishe kwenye dirisha la ofisi na mtu mwenye subira. Utakachokwenda kukitafuta ukikute bado kipo, na siku ukirudi na jibu, wa kwako wote wawe hai kulisikia.